Kutoka Hamsa Ishirini Hadi Viboko Vinne

Kwa sheria ya Tanzania, mwanafunzi anaweza kuchapwa viboko visivyozidi vinne. Vichapwe mkononi, au makalioni juu ya nguo. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shule haina mwalimu wa kike. Ikishachapwa, adhabu iandikwe kitabuni. Yote hayo yamo katika kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, ambazo zilirekebisha kanuni za mwaka 1979 zilizoruhusu viboko sita.

Nilipozisoma kanuni hizo kwa mara ya kwanza, kilichonishangaza zaidi ya fimbo ni kile kitabu. Mtu anayemwadhibu mtoto anatunza hesabu ya nini, kama karani wa ghala? Nilianza kutafuta kitabu hicho kilitoka wapi, na utafutaji ukanirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja. Nilichokikuta huko kilinifanya nilitazame upya jambo ambalo siku hizi linazungumzwa sana shuleni: kuwafundisha vijana wasioneane, wasipigane, wasinyanyasane. Tunalifundisha kama vile ukatili huo umezuka kwa vijana wenyewe. Historia inasema una asili nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake. Mjeledi huo ndio uliokuwa chombo cha serikali wakati Wajerumani walipoitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Tarehe 22 Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa amri ya kuratibu adhabu katika koloni hili. Amri ilisema Waarabu na Wahindi wasichapwe. Wanawake wasichapwe. Mwanamume Mwafrika aliweza kuchapwa viboko hadi 25 kwa mara moja. Adhabu ikigawanywa mara mbili, zipite walau wiki mbili katikati. Hata mwajiri aliweza kuomba mfanyakazi wake achapwe kwa uzembe au kwa kutoroka kazini. Na maofisa walitakiwa kuweka kumbukumbu za adhabu walizotoa.

Kwa hiyo kitabu kilikuwapo tangu hapo.

Watu waliipa adhabu ile jina la hesabu yake: hamsa ishirini. Inafaa kutazama amri ya 1896 ilifanya nini. Kwa macho ya aliyeiandika, ilikuwa amri ya huruma, kwa kuwa iliweka kikomo mahali ambapo hapakuwa na kikomo. Lakini kikomo hicho ndicho kilichokifanya kiboko kuwa jambo la kawaida la kiofisi. Ofisa aliyechapa mara 25 na kuandika kitabuni hakuwa tena mtu aliyemwumiza mtu mwingine. Alikuwa mtumishi aliyefuata utaratibu.

Na mara nyingi aliyeshika kiboko hakuwa Mjerumani. Wajerumani walikuwa wachache mno. Kati ya gavana na mkulima palikuwa na ngazi ndefu: ofisa wa wilaya, akida, jumbe, mnyapara, askari. Kila mmoja alimwogopa wa juu yake na alipewa ruhusa dhidi ya wa chini yake. Kilimo cha lazima cha pamba kilipoanzishwa katika wilaya za pwani mwaka 1902, ngazi hiyo ndiyo iliyowapeleka watu shambani. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwaka 1968 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliozikumbuka siku zile. Kazi ya kulazimishwa na kuchapwa na wasimamizi vimo katika masimulizi waliyorudi nayo. Wazee wale walikuwa na umri wa wanafunzi wa leo wa sekondari, au pungufu, wakati mambo hayo yakitokea. Zaidi ya miaka sitini baadaye walikuwa bado wanakumbuka nani alichapa na alisimama wapi.

Shule iliingia katika ngazi hiyo mapema. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili ipate makarani, walimu na maakida. Waingereza walipokuja nao walikuwa na mfano wao, ule wa shule za bweni za kwao Uingereza, ambako wanafunzi wakubwa walipewa mamlaka juu ya wadogo. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilijengwa juu ya mfano huo, na Julius Nyerere alisoma hapo. Wazo lilikuwa kwamba kijana hujifunza kutawala kwa kuwatawala wadogo zake.

Huyo mwanafunzi mkubwa sisi tulimwita kiranja. Neno hilo lina historia yake kwa Kiswahili. Katika jando, kiranja ni yule kijana anayetangulia wenzake kutahiriwa. Yeye ndiye anayekutana na kisu kwanza, wengine wakimtazama, na uongozi wake unatokana na kutangulia kuumia. Shuleni neno likabaki, kazi ikageuzwa. Kiranja wa bweni akawa ndiye mwenye fimbo, na wanaoumia ni wanaokuja nyuma yake.

Mtu angetarajia kwamba uhuru ungeliondoa jambo hili haraka, maana hakuna alama ya ukoloni iliyojulikana zaidi ya kiboko. Mwaka 1963, chini ya miaka miwili tangu uhuru, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini kwa makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma. Pamoja na kifungo, mtu aliyepatikana na hatia alipaswa kuchapwa viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, na kumi na viwili siku ya kutoka. Wengi wetu tumemsikia Mwalimu akiisimulia sheria hiyo katika hotuba yake ya Mei Mosi 1995, na maelezo yake kwamba vile vya kutoka ni vya kwenda kumwonyesha mke. Kila hotuba hiyo inaporushwa redioni, watu hucheka.

Mimi nimehesabu. Ishirini na nne ni hamsa ishirini kasoro kimoja. Na vimegawanywa mara mbili.

Sisemi kwamba walioiandika sheria ya 1963 walikuwa na amri ya 1896 mezani. Ninachosema ni kwamba serikali mpya ilipotaka kuonyesha kuwa haina mchezo, lugha iliyokuwa karibu ni ile iliyokwisha kufundishwa. Ndivyo ilivyotokea shuleni pia. Machi 1967 Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule imjengee mtoto akili ya udadisi, uwezo wa kuamua mwenyewe, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wengine. Alitaka wanafunzi washirikishwe katika maamuzi ya shule yao. Miaka kumi na miwili baadaye serikali ileile ilitoa kanuni za viboko sita. Tuliosoma baadaye tulivikuta vyote viwili: picha ya Mwalimu ukutani na fimbo mezani.

Nilisoma katika shule ya bweni, na kama kila wa kidato cha kwanza niliitwa njuka. Njuka huchota maji ya kaka wa kidato cha nne, hufua soksi zake, hutandika kitanda chake, na akichelewa hupigwa. Walimu walijua. Wengine walituambia kwamba hata wao walipita humo. Ninachokikumbuka zaidi ni maneno tuliyoambiwa ili kutuliwaza: vumilieni, mwakani mtakuja njuka wenu. Hiyo ndiyo faraja tuliyopewa. Hatukuahidiwa kwamba mambo yatakoma, tuliahidiwa kwamba tutapanda ngazi.

Jirani zetu wa Kenya wana neno lao kwa njuka, mono, na wana historia ya shule inayoonyesha ngazi hii inavyoweza kuanguka. Julai 1991, katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waligoma kwa sababu ya mgogoro na uongozi wa shule. Wasichana wakakataa kujiunga na mgomo. Usiku wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na 71 waliripotiwa kubakwa. Hasira yao ilikuwa kwa waliokuwa juu yao, wakaimalizia kwa waliodhaniwa kuwa chini. Mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana mjini Nyeri, ikawa kinyume chake: wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika chumba chao cha kulala na kuwachoma moto, nao wakafa. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa.

Mwaka huohuo wa 2001 Kenya ilifuta kanuni zilizoruhusu viboko shuleni. Katiba ya 2010 ikaongeza ulinzi dhidi ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza waziwazi adhabu ya mwili na unyanyasaji wa kiakili kwa mwanafunzi. Lakini taarifa za watoto kupigwa shuleni, na za mono kuteswa na wakubwa wao, hazikukoma siku sheria ilipobadilika. Sheria iliiondoa fimbo katika kanuni, ngazi ikabaki bwenini.

Hapa kwetu fimbo bado imo katika kanuni. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili na mtu mzima au mpenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari ofisini, huko Mbeya, ilienea nchi nzima. Agosti 2018 mvulana wa darasa la tano mkoani Kagera alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Katika matukio yote mawili watu walisema, na ni kweli, kwamba kanuni zilivunjwa. Lakini mkono ulikwisha kuruhusiwa kuinuka. Kanuni zilichobaki nazo ni kuuambia usimame wapi.

Najua jibu ambalo wasomaji wengi wamelishika, kwa sababu nimelisikia vijiweni, kwenye daladala na katika vikao vya familia. Sisi tulichapwa, tukawa watu. Na methali zipo: samaki mkunje angali mbichi, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hizi nazikubali zote mbili. Lakini ya kwanza inasema kukunja, na ukimkunja samaki mbichi vibaya anachanika. Ya pili inamwonya mzazi anayeogopa kumkatalia mtoto jambo. Mtoto hulia pia anaponyimwa, anaporudishwa, anapoambiwa hapana. Fimbo haimo katika methali yoyote kati ya hizi mbili. Tumeiingiza wenyewe, baada ya kuizoea. Na waliochapwa wakawa watu tunawaona kwa sababu wapo. Aliyeacha shule darasa la sita kwa kuogopa zamu ya mwalimu fulani hayupo kwenye kikao kutoa ushahidi.

Basi nini hufanya kazi? Jibu lililonisaidia zaidi linatoka Uganda, katika wilaya ya Luwero, kaskazini mwa Kampala. Wilaya hii ina historia yake ya maumivu. Ndiyo iliyokuwa kitovu cha vita vya msituni vya miaka ya 1980. Huko, kati ya 2012 na 2014, ulifanyika utafiti katika shule za msingi 42. Shirika la Raising Voices la Kampala lilikuwa limetengeneza mpango uitwao Good School Toolkit. Nusu ya shule zilipewa mpango huo kwa miezi 18. Nusu nyingine zilisubiri, ili kuwe na cha kulinganisha.

Kilichonivutia ni namna mpango ulivyopangwa. Haukuanza kwa kuwakusanya wanafunzi mstarini na kuwahutubia kwamba uonevu ni mbaya. Ulianza na shule nzima: walimu, wanafunzi, uongozi, na wazazi. Walimu walijifunza njia nyingine za kusimamia darasa. Wanafunzi waliunda kamati, wakashiriki kutunga kanuni za shule, wakawa na mahakama yao ya kusikiliza makosa. Walimu na wanafunzi walikaa kujadili mambo ambayo zamani yalisemwa na upande mmoja. Kwa maneno mengine, hawakuongeza somo la amani juu ya ngazi ileile. Waliifupisha ngazi.

Mwishoni wanafunzi 3,820 walihojiwa. Katika shule zilizosubiri, 924 kati ya 1,899 walisema walipigwa au kuumizwa na mtu wa shule katika wiki moja iliyopita, yaani karibu nusu. Katika shule zenye mpango walikuwa 595 kati ya 1,921, chini kidogo ya theluthi. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba ukatili wa wanafunzi kwa wanafunzi nao ulipungua. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka lisipite kimya. Walimu walipopunguza kupiga, na watoto nao wakapunguza.

Theluthi bado ni watoto wengi. Hakuna aliyesema Luwero imepona. Lakini mtu akikuambia kwamba Mwafrika hasikii bila fimbo, shule hizo zipo, zilikuwa na madarasa yaliyojaa na mishahara midogo kama yetu, na zilibadilika katika mwaka mmoja na nusu.

Kuna tarakimu nyingine katika utafiti ule, nayo huniganda zaidi. Watoto 434 walipelekwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya mambo waliyoyasema walipohojiwa. Hawakuja kushtaki. Mtu aliketi nao, akawauliza kwa utaratibu, na alikuwa amejiandaa kwa jibu. Watoto hao walikuwa darasani siku zote. Huenda wengine walikuwa wameandikwa mara kadhaa katika kitabu cha adhabu kwa kuchelewa, kwa kusinzia, kwa kutofanya kazi ya nyumbani, na kitabu hakikuwa na safu ya kuandika kwa nini.

Ninaandika haya nikijua kwamba wengi mnaosoma mko vyuoni, na baadhi yenu mtaingia darasani mkiwa walimu mwaka huu au ujao. Mtakabidhiwa chaki, ratiba ya zamu, na huenda fimbo iliyokuwa ya mwalimu aliyehama. Wengine mna wadogo zenu walioanza kidato cha kwanza, ambao wakipiga simu nyumbani husema tu kwamba kuna baridi. Elimu ya kuzuia ukatili ikiletwa kwenu kama bango lisemalo vijana acheni uonevu, ulizeni na swali la pili: kwa nani tulijifunza? Vijana hawakubuni kumtuma njuka maji usiku. Waliirithi kazi hiyo kwa kiranja, kiranja kwa mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu kwa mnyapara, na mnyapara kwa amri iliyotiwa saini Ujerumani mwaka 1896. Kila mmoja alipokea na kukabidhi.

Mnyororo wa namna hiyo una faida moja: unaweza kukatwa na yeyote aliyeushika, popote alipo, bila kusubiri wa juu yake. Kidato cha nne kimoja kikiamua kuchota maji yake, njuka wa mwaka ule hawana cha kulipiza. Mwalimu mmoja akimwita mtoto aliyechelewa na kumuuliza nyumbani kwenu mnaamka saa ngapi, darasa zima husikia swali hilo, na kesho mmoja wao humuuliza mwenzake. Na ikiwa jibu la mtoto ni zito kuliko uwezo wako, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania, Kenya na Uganda.

Kanuni zetu bado zinasema vinne. Kutoka ishirini na tano hadi ishirini na nne, kutoka sita hadi vinne, serikali zetu zimekuwa zikipunguza hesabu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila mara zimeshindwa kuandika tarakimu inayofuata. Ni sifuri.